Kikaratasi Mgongoni mwa Mjomba

Nilimbandika mjomba wangu kikaratasi mgongoni, na akaenda nacho kuposa. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msomaji asije akanihurumia katikati. Kikaratasi chenyewe kilikuwa kipande cha katoni ya biskuti, ukubwa wa kiganja, kimeandikwa kwa kalamu nene herufi nne kubwa: IDLE. Nilikifunga kwa pini mbili za mtandio wa mama, na nilizifunga barabara, maana nikifanya upuuzi sifanyi nusu.

Aliyeanza ni mwalimu wetu wa Kiingereza. Shule yetu haikuwa na vitabu vya somo hilo. Vilivyokuwepo viliondoka na krizi, na krizi ndilo jina tulilovipa vita, kama mtu anavyompa mgeni asiyeondoka jina la utani. Mwalimu akaamua kwamba nyumba zetu ndizo zitakuwa kamusi. Tukate katoni, tuandike neno, tulibandike kwenye kitu chenyewe: mlango, sufuria, dirisha. Juma lile alitupa maneno mawili kwa pamoja, lazy na idle, akasema watu wengi huyachanganya. Lazy, alisema, ni mtu mwenye kazi mbele yake asiyetaka kuifanya. Hiyo ni tabia. Idle ni mtu au kitu kisicho na kazi kwa wakati huo: mashine iliyozimwa, shamba lililolala, mikono iliyopakatwa. Hiyo ni hali tu, inaweza kumkuta yeyote. Akatazama nje ya dirisha kidogo, akasema mji huu una la pili kwa wingi kuliko la kwanza, kwa hiyo tusiwasingizie watu. Kisha akanitazama mimi, akaongeza kwamba la kwanza nalo lipo. Darasa likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ili ionekane halikunigusa.

Nikarudi nyumbani, mtaa wa Buyenzi, na katoni kwapani, natafuta cha kubandika. Baba ni dereva wa lori, na siku zile alikuwa amekwama upande wa Tanzania akingoja barabara itulie, kwa hiyo mwenye amri nyumbani alikuwa mama. Hata baba akiwepo, mwenye amri ni mama. Nilianza na friji. Friji letu lilikuwa halijapoza kitu muda mrefu, umeme ukija unakuja kusalimia tu, basi nikaona hakuna kitu katika Buyenzi nzima kinachostahili lile neno kama friji. Nikabandika.

Mama akaniuliza karatasi hiyo inasema nini. Nikamweleza maneno yote mawili, kwa sauti ya mwalimu, na mikono ya mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akafungua friji. Ndani kulikuwa na unga, sukari, na karatasi za nyumba ndani ya mfuko wa plastiki, vyote salama, panya hawavioni. Akasema hilo friji linafanya kazi kuliko mimi, nitoe karatasi yangu. Nikatoa. Nakumbuka aliyarudia yale maneno mawili polepole, midomo ikicheza, kama mtu anayeonja mchuzi. Sikujali. Heri ningejali.

Ndipo nikamwona mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama, na ni seremala. Alikuwa na karakana yake Kamenge, mpaka siku mtaa ule ulipohamwa kwa mbio. Alitoka na mita ya kupimia mfukoni na penseli sikioni. Misumeno, randa, patasi, mbao za kabati aliyokuwa ameahidiwa kulipwa, vyote vikabaki. Alikuja kwetu kwa siku mbili, akawa bado analala kwenye mkeka sebuleni. Mchana kutwa alikaa kwenye benchi mlangoni. Vyombo hana, mbao hana, na nani ataagiza kabati ikiwa hajui kesho atalala wapi. Lakini mkono wake ulikataa kukaa bure, ukawa unapima. Alilipima benchi. Alipima dirisha la jirani, na mbuzi wa jirani. Kila Ijumaa alinipima mimi, akatangaza kwamba nimeongeza miguu na hakuna kingine.

Koti lake lilitundikwa kwenye msumari, halivaliwi siku za kawaida. Nikabandika mgongoni mwa koti. Shabaha yangu ilikuwa Jumapili: nilijua siku hiyo atalivaa kwenda kusalimia watu, atapita mbele ya ligala letu, ile pembe ya njia ambapo sisi vijana tunakaa kuchambua wapitao, na mimi nitakuwa nimekaa palepale nangoja sifa zangu. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote. Kisha nikasahau.

Sasa hiyo posa. Mjomba alikuwa amependana na binti mmoja wa mtaa wa Nyakabiga, mshonaji wa sare za shule. Baba wa binti alikwisha kueneza maneno, bila kumtaja mtu, kwamba hatampa mwanawe mwanamume wa kukaa kwenye benchi. Alikubali kutupokea mara moja tu, kwa heshima ya mshenga wetu, jirani muuza nyama anayejuana na kila mtu. Na kulikuwa na mwingine, mwenye duka la sementi, anayengoja zamu yake. Mjomba alijua kwamba akitoka mle ndani na jibu la hapana, hatapata siku ya pili. Juma zima alikuwa hali vizuri. Hata mbuzi aliacha kumpima.

Ilipangwa twende Jumamosi saa kumi, na mjomba aazime koti zuri la jirani. Lakini asubuhi ile milio ilisikika milimani, watu wakaanza kusema njia zitafungwa mapema, na mshenga akaja mbio kusema ni saa nane au basi tena. Jirani mwenye koti hakuwepo nyumbani. Mjomba akachukua lake kwenye msumari, akalivaa huku anatembea. Mimi nilipewa kasha la soda kichwani, nikafuata nyuma. Ni pale njiani, nikiwa nimeshika kasha kwa mikono miwili, nilipoinua macho nikalisoma neno langu mwenyewe, linapanda na kushuka mbele yangu.

Ningeweza kusema. Lakini kusema kulikuwa na kofi la hapohapo, na kunyamaza kulikuwa na kofi la baadaye, na mimi siku zote nimependelea la baadaye. Nikajipa moyo kwamba pini zitaachia. Pini za mama haziachii.

Tulikatiza mtaa wa Bwiza. Watu walikisoma kikaratasi, na hakuna aliyecheka. Mwanzoni sikuelewa. Kwetu masomo hufundishwa kwa Kifaransa, Kiingereza mtaani hakuna anayekijua, hilo nilikuwa nalitegemea. Lakini walikuwa wanasoma kwa heshima. Kisha kijana mmoja akatoka kibarazani, akatukimbilia, akamwamkia mjomba kwa mikono miwili. "Muze, samahani," alisema. "Hiyo shirika yenu, inachukua watu?"

Mjomba akamwuliza shirika gani. Yule kijana akatabasamu kwa ujuzi, akasema sawa, anajua wanakatazwa kusema, akarudi kibarazani kwake.

Hapo nikaelewa. Mji wetu wakati ule ulijaa herufi. Kila gari jeupe lina herufi mlangoni, kila hema lina herufi, kila mtu aliyebahatika kupata kazi kwa wazungu wa misaada anavaa kizibao chenye herufi kubwa mgongoni, na akitoka kazini havui, anapita nacho sokoni polepole. Tulikuwa tumezoea kusoma migongo kuliko nyuso. Kwa hiyo mtu mwenye I, D, L na E mgongoni hawezi kuwa mtu aliyebandikwa na mtoto. Ni mtu aliyeajiriwa.

Tulipofika, mjomba aliinama mlangoni kuvua viatu, akawageuzia mgongo kwa adabu ili avipange vizuri. Sebuleni mlikuwa na baba wa binti, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na bibi wa binti, mama yake mzee huyo, aliyekaa chini kwenye mkeka. Mzee akasogeza miwani. Nikamwona anasoma herufi mojamoja, na uso wake, uliokuwa umefungwa kama duka siku ya msiba, ukafunguka. Akasimama. Akaondoa viti vya plastiki alivyokuwa ametupangia, akaleta kile chenye mito.

Mshenga alikuwa amejiandaa na hotuba ndefu kuhusu subira. Hakuihitaji. Mzee alimwuliza mbona hawakumwambia kwamba kijana anatumika kwa wazungu. Mshenga, ambaye maishani hajawahi kuliacha swali likae peke yake, akajibu kwamba mtu mwenye adabu hajitangazi. Mjomba akafumbua mdomo, na mshenga akamkanyaga kidole, kwa sababu kwa desturi yetu mposaji siku hiyo kazi yake ni kutazama sakafu. Wenye midomo ni wengine. Mjomba akatazama sakafu. Nadhani alifikiri mzee amechanganya watu.

Kisha mzee akauliza zile herufi kirefu chake ni nini. Mshenga hakujua herufi gani, lakini alijua nani ni mwanafunzi. Akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Nikasimama, nikakunja mikono nyuma kama darasani. "Institut des Dons, du Lait et de l'Eau," nilisema. Nikawatafsiria: Taasisi ya Misaada, Maziwa na Maji. Naomba nisinyimwe sifa yangu hapa: herufi zote nne zilitumika, na sikuwa nimefikiri hata kidogo.

Bibi akapenda maziwa. Akauliza ni ya unga au ya ng'ombe. Nikasema ya unga, kwenye makopo makubwa. Akauliza kama wanawapa na wazee. Nikasema wazee ndio wa kwanza. Mjomba sasa alikuwa ameacha sakafu, ananitazama mimi. Mzee akauliza ofisi iko wapi, na mimi nikatafuta haraka kichwani mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda, hasa kwa mvua zile, nikapata Buterere, pembeni kabisa mwa mji.

"Buterere wapi?" aliuliza mzee. "Mi niko na shamba ya mupunga kule. Kila juma niko kule."

Nikasema ni upande wa nyuma. Nyuma ya nini, akauliza. Nikasema nyuma ya maji.

Mzee akasema ni kweli maji yamekuwa mengi, huenda ndiyo sababu hajaiona. Akasema Jumatatu atavua viatu, atavuka hayo maji pamoja na mwanawe mkubwa, wakaulize kazi, na kwa kuwa sasa tumeshakuwa kama ndugu, mjomba awapokee mlangoni. Mshenga akaanza kukohoa. Wakati huohuo kuku mdogo akajibana akapita chini ya mlango uliofungwa, akaingia sebuleni, akazunguka kasha la soda, na hakuna aliyemshangaa isipokuwa mjomba, ambaye alilitazama lile pengo chini ya mlango kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kisha akasimama. Mshenga alimvuta suruali, hakukaa. Akavua koti, akaligeuza, akakiona kikaratasi. Alikisoma, akanitazama. Mimi nilikuwa nachunguza vizibo vya soda.

"Muze, mi situmiki kwa wazungu," alisema mjomba. "Hii karatasi ni ya huyu mutoto, ni masomo yake, sijui inasema nini. Mi ni seremala. Vyombo vyangu vilibaki Kamenge. Leo sina kazi, na ya kesho sijui."

Pazia la chumbani, ambako nilihisi binti mwenyewe amekaa tangu mwanzo, likaacha kucheza. Mzee alikibandua kikaratasi pamoja na pini zake, akanipa, akanitaka nimwambie kinasema nini, na safari hii bila Kifaransa. Nikamwambia. Mtu asiye na kazi mkononi. Nikaeleza kwamba si mvivu, kuna neno jingine la mvivu, mwalimu alitukataza kuyachanganya, hili ni la mashine iliyozimwa na shamba lililolala.

"Kwa hiyo karatasi ilisema kweli," alisema mzee. "Muongo ni we."

Nikasema ndiyo, muze.

Ingekuwa mtu mwingine, angechukua viatu vyake akaondoka na heshima iliyobaki. Lakini mjomba alikuwa bado amesimama, na kuku alikuwa anatoka alikoingilia, na mkono ule uliokataa kukaa bure ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. "Na hiyo mulango, muze, samahani," alisema. "Ni fupi. Vidole vitatu. Mwenye kuikata hakupima."

Mshenga alifumba macho.

Mzee akasema mwenye kuikata ni yeye. Akaeleza, polepole, kwamba mlango wa zamani ulivunjwa wakati wa msako, na huu aliukata mwenyewe kwa mbao za masanduku, siku hiyohiyo, giza halijaingia. Nikafikiri sasa tunapigwa wote, pamoja na mshenga. Lakini bibi kwenye mkeka alianza kutikisika. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Alisema siku zote anasema kuku wanaingia, hakuna mtu anasikia, sasa amekuja mtu ameona kwa kukaa tu. Mzee akamwuliza mjomba amejuaje vidole vitatu. Mjomba akatoa mita, akapiga magoti ndani ya suruali yake ya pekee ya maana, akapima. Akainuka akaomba radhi: ni vitatu na nusu.

Jibu la posa mzee hakulitoa. Alisema mambo ya binti hayajibiwi siku ambayo mtu ametajiwa ubaya wa mlango wake. Ila Jumatatu, badala ya kutafuta maziwa ndani ya maji, atakuwepo nyumbani; msumeno anao mmoja, nyundo anayo, mjomba aje na mita yake.

Mjomba akaenda. Aliutengeneza ule mlango ukawa unafunga bila kusukumwa na goti. Jirani wa mzee akauona, naye wake ulikuwa umekatwa kwa haraka kama ule, na ukifuata njia ile nzima, karibu kila nyumba ilikuwa na mlango wa haraka. Mzee akamwazima msumeno kwa juma moja, kisha kwa jingine, kisha akaacha kuuliza utarudi lini. Benchi letu likawa wazi, nikaanza kulikalia mimi. Jibu lilikuja baada ya mfungo wa Ramadhani, na lilikuwa ndiyo, kwa sharti moja lililotoka kwa mzee mwenyewe: siku ya arusi mimi nisipewe nafasi ya kusema neno, kwa lugha yoyote. Bibi aliongeza lake, kwamba nikifika nisifike bila kopo la maziwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya Jumamosi tulirudi Buyenzi kabla njia hazijafungwa, bila jibu, na mshenga hakusema neno tangu Nyakabiga hadi mlangoni kwetu, jambo ambalo majirani walilitambua kuwa msiba. Mbele ya mama ndipo ulimi ulimrudi. Alisimulia kila kitu, pamoja na kuku, na mama akasikiliza amejifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Aliposikia nyuma ya maji, niliona mabega yake yanacheza. Nikajua nimepona. Nikaanza hata kumsahihisha mshenga pale aliporuka sehemu zangu nzuri.

Mshenga alipoondoka, mama akaniomba kile kikaratasi. Akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akazichomoa zile pini mbili akazishika mdomoni. Akaniuliza, kwa upole, kama pipa la maji, ambalo kulijaza ni kazi yangu, limejaa. Nikasema nilikuwa nakwenda sasa hivi. Akazitoa pini mdomoni, na mama yangu akasema hivi, sikuongeza wala sikupunguza:

"Ulinifundisha we mwenyewe, mbele ya friji. Hii karatasi ni ya mutu anatafuta kazi na haipati. Ndugu yangu alikuwa nayo, Jumatatu anaivua. Ile ingine ni ya mutu iko na kazi mbele yake na hataki kuifanya, na pipa iko kavu tangu Alhamisi. Kata katoni, andika ile ingine, halafu geuka. Pini ninazo."